Uso wa Aliyeoka Mkate

Kila baada ya miezi mitatu, Ijumaa ya kuamkia Sabato ya Ushirika, Mama alifunga mlango wa jikoni na kutuambia tubaki nje na kelele zetu. Aliingia na vitu vinne: unga wa ngano, mafuta ya kupikia, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na maji aliyoyachemsha asubuhi yakapoa. Hamira haikuruhusiwa hata kukaa rafu moja na unga ule. Alikanda, akasukuma, akachora miraba kwa ncha ya kisu ili mzee wa kanisa apate urahisi wa kuuvunja mkate, kisha akautoboatoboa kwa mwiba wa mchungwa. Uliokwa katika sufuria moja ya mdomo mpana ambayo haikufanya kazi nyingine yoyote, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Jua likielekea kuzama, mkate ulikuwa umeshafungwa katika kitambaa cheupe, na Mama amekaa kando yake, kimya kama mtu aliyefika kutoka mbali.

Alikuwa shemasi tangu nikiwa darasa la pili. Baba alipofariki vitu vingi viliondoka nyumbani kwetu, baadhi vikichukuliwa na ndugu zake na vingine vikienda vyenyewe: ng'ombe, baiskeli, wageni wa Jumapili, sauti ya redio. Mkate ulibaki. Watu waliompita Mama njiani bila kusimama walikuwa wakila mkate wake mara nne kwa mwaka, na yeye alilijua hilo, na nadhani lilimtosha.

Kwetu ni upande wa Nyaramba. Katikati ya miaka ya tisini Nyamira ilikuwa bado wilaya changa, na chai ilikuwa imepandwa mpaka karibu na milango ya nyumba. Kanisa letu lilikataza pombe, na wakali zaidi walikataza hata chai, ingawa ndiyo waliyoichuma alfajiri na ndiyo iliyowasomeshea watoto. Mama hakuwa mkali kiasi hicho. Alikunywa chai yake ya maziwa, ya moto sana, bila kuona haya.

Ugonjwa ulianza kama joto. Mama alikuwa mweupe, wa maji ya kunde, na alisema mashavu yanamchoma kana kwamba ameinamia chungu kinachochemka. Alirudi kutoka shambani kabla ya saa nne, kikapu hakijajaa, leso iliyoloweshwa maji imefunika uso. Baadaye vikaja vipele, vidogo na vyekundu, kwenye mashavu, puani na kidevuni, vingine vina usaha kichwani. Havikufanana na chunusi zetu wasichana. Mwisho yakafuata macho. Kingo za kope zilivimba, macho yenyewe yakawa mekundu asubuhi mpaka jioni, na akawa anayapikicha akisema yana mchanga.

Mimi nina tabia ya kuandika mambo. Nilikuwa na daftari la mazoezi lililobaki kutoka shuleni, nikachora mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja siku, upande wa pili kilichotokea kabla uso haujawaka. Baada ya wiki kadhaa orodha yangu ilikuwa hivi: jua, moshi, pilipili, chai ya moto, aibu.

Aibu niliiongeza sokoni. Tulikwenda kununua wimbi wa uji, na wanawake wawili waliokuwa wakiuza nafaka walimtazama Mama usoni, kisha wakatazamana.

"Omong'ina," mmoja alimwita. Ndivyo tunavyomwita mwanamke mtu mzima kwa heshima, lakini heshima yenyewe siku hiyo ilikuwa haba. "Harusi ilikuwa wapi jana?"

"Harusi gani?"

"Naona macho bado yanacheza."

"Na huu wimbi," akaingilia wa pili akiwa anajaza kopo, "ni wa uji au wa kuloweka pombe? Nikuwekee wa kutosha wageni?"

"Mwache bwana. Mjane naye ana baridi yake."

Walicheka. Mama alicheka nao kidogo, kwa adabu, na nikaona wekundu ukipanda kutoka shingoni hadi kwenye paji la uso, mbele yao, kama jibu ambalo hakulitoa yeye.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata kazi mjini Kisii, katika duka la dawa la familia ya Kihindi. Nilipanga rafu, nilifunga vifurushi, na Ijumaa mchana nilirudi nyumbani. Mama mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomweleza kuhusu uso, alifikiri, akavuta droo na kunipa tyubu ndogo ya dawa ya kupaka.

"Hii si ya uso, beti," alisema, akiniita binti kwa lugha yao. "Ni kali. Lakini kama imewaka sana, kidogo tu, siku tano. Siku tano, basi. Umesikia?"

Nilisikia. Hata niliandika: siku tano. Siku ya tatu vipele vilikuwa vimenywea, ya tano uso wa Mama ulikuwa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Alijitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea, akajigusa shavu kwa mgongo wa mkono, akaniambia, "Mwanangu, umenirudisha." Nani angemnyang'anya tyubu siku ya sita? Akapaka siku ya sita. Ilipokwisha nilileta ya pili, na ya tatu, nikizitoa kwenye rafu niliyoipanga mwenyewe na kuzilipia bila kumweleza mama mwenye duka ni za nani. Robo hiyo ya mwaka Mama aliingia kanisani na mkate wake akiwa amenyoosha shingo.

Kisha dukani dawa ile ikaadimika kwa majuma kadhaa. Niliporudi nyumbani Ijumaa ya pili nilisimama mlangoni nisiamini. Uso ulikuwa umevimba, umejaa usaha, ngozi imekuwa nyembamba na inang'aa, na mishipa midogo inaonekana puani. Alikuwa amekaa gizani, dirisha limezibwa kwa gunia.

"Funga mlango," alisema. "Mwanga unachoma."

Mzee wa kanisa alikuja Jumapili hiyohiyo, na kando yake shemasi mwenzake Mama, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba. Hawa wawili, Mama na jirani, walitawadhana miguu kila Ushirika tangu nikiwa mdogo. Mama alitoa gunia dirishani, akaandaa chai. Walizungumza kuhusu mvua. Mama akanywa kikombe chake kikiwa cha moto, kama kawaida yake, na ndipo mzee alipoweka chake chini.

"Dada, tumesikia maneno."

"Maneno gani, mzee?"

"Kwamba unashika kikombe. Si hiki cha chai."

Chai ilikuwa imeshafika usoni. Niliuona wekundu ukienea, pua ikawaka, macho yakalengwa machozi. Jirani alitazama sakafu. Mzee alimtazama Mama kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyekuja akiomba asikute alichokikuta.

"Sinywi," Mama alisema. "Sijawahi."

"Uso, dada."

"Uso unaumwa."

"Baraza litakaa baada ya wiki mbili. Njoo uyaseme hayo pale. Mkate wa Meza ya Bwana hauwezi kutoka kwa mkono ambao watu wanaunong'onea. Unaelewa mwenyewe."

Alielewa. Walipoondoka aliosha vikombe, akaenda kwenye kona ilipokaa ile sufuria ya mdomo mpana, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

Jumatatu nilimpeleka mjini, kwenye kliniki ya ngozi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, yeye akiwa na leso usoni, watu wakihama kidogo kidogo kutoka alipoketi. Miaka ile mtu mwenye uso ulioharibika alidhaniwa mambo mengine pia, mabaya kuliko pombe.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono safi na koti lililokatika vifungo. Alimtazama Mama kwa muda mrefu, karibu sana.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Na wewe?"

"Nauliza kila mtu. Hata mapadri nawauliza."

"Sinywi."

"Sawa," alisema, na akaamini hapohapo. Sikuwa nimeona mtu akifanya hivyo kwa miezi mingi.

Aliomba kuiona dawa tuliyotumia. Nilimpa tyubu tupu. Aliigeuza, akaguna. Kisha akachukua kipande cha kioo, akakwangua taratibu pembeni mwa pua ya Mama, akaweka alichokipata juu ya kioo kingine pamoja na tone la mafuta, akainama kwenye hadubini iliyokuwa mezani kwake.

"Ahaa," alisema. "Dada, njoo. Mama, na wewe utaona."

Nilifumba jicho moja. Mwanzoni niliona mapovu ya mafuta tu. Kisha nikawaona: viumbe virefu vya rangi ya maji, kama punje za mchele zilizovutwa, vina mkia butu na miguu minene mifupi karibu na kichwa. Nilihesabu miguu. Minane. Mmoja alikuwa akiitikisa polepole, kama asiye na haraka ya kwenda popote. Walikuwa wengi, wamelaliana kama kuni.

"Wametoka wapi?" Mama aliuliza. Alikuwa ametazama mara moja na kurudi kwenye kiti.

"Hawajatoka popote, Mama. Wanaishi kwenye vinyweleo, mahali nywele zinapotokea, na giza likiingia hutoka wakatembea. Kila mtu mzima anao. Mimi ninao." Akajikwangua pua yake mwenyewe, akaweka kioo, akatafuta kwa muda mrefu mpaka nikadhani ameshindwa. "Huyu hapa. Mpangaji wangu. Mmoja. Kwako nimechoka kuhesabu."

"Basi ndio walioleta ugonjwa?" niliuliza.

"Hapo umeniuliza jambo ambalo wakubwa wangu bado wanabishana. Wengine wanasema wakizidi ndio wanaochokoza ngozi. Wengine wanasema ngozi huugua kwanza, nao wanapata nafasi ya kuzaana. Mimi sijui. Ninachojua ni hii." Aliinua tyubu. "Hii inalaza ulinzi wa ngozi. Kwa nje unaona uso umepoa. Ndani wao wanazaana bila bughudha. Nani alikuuzia?"

"Nilimletea mimi," nilisema.

Hakunikemea. Alimpa Mama mafuta ya manjano yenye kiberiti, yanayonuka kama yai viza, na vidonge vya kumeza. Alimwambia avae kofia pana shambani, chai aiache ipoe, dawa ile asiiguse tena, na asitishike uso ukizidi kuharibika kabla haujatengemaa. "Itachukua miezi," alisema. "Na inaweza kurudi. Si ya kuambukiza. Si uchafu."

Njiani, kabla hatujafika kituoni, Mama alinishika mkono.

"Ya wale tuliowaona yabaki kwetu."

"Lakini ndio ushahidi, Mama."

"Ushahidi wa nini? Mimi sijashtakiwa wadudu."

Nilimwona kama mtu wa zamani, anayeogopa jambo kwa sababu hajalisoma. Wiki hiyo mjini niliandika kila kitu upya kwa mpangilio: dalili, tarehe, vinavyoamsha joto, maneno ya daktari, hadi umbo la mdudu nililichora na miguu yake minane.

Baraza lilikaa Jumapili asubuhi kanisani, kwenye viti vya mbele. Mzee aliomba, akaeleza sababu ya kukutana, akamwuliza Mama kama ana neno. Mama alisimama. Uso wake siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote, kama daktari alivyotuonya.

"Sinywi," alisema. "Mungu anajua." Akaketi.

Mtu alikohoa. Niliona wakitazamana, na nikaona jambo linakwenda kuamuliwa kwa ukimya ule. Nikanyanyuka kutoka nyuma na daftari langu.

"Mzee, naomba nisome."

Mama aligeuka. Sikumtazama.

Nilisoma vizuri. Nilieleza kuhusu chai na jua, tyubu niliyoileta mimi mwenyewe, hadubini, na wadudu wanaoishi kwenye vinyweleo. Nilipomaliza, mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Asante, binti. Umeeleza vizuri sana. Kwa hivyo si pombe."

"Si pombe."

"Bwana asifiwe," alisema, na nadhani alifurahi kweli.

Jirani yetu aliinua mkono. "Mimi nauliza tu. Hao wadudu ni wazima?"

"Ndiyo."

"Wanatembea?"

"Polepole. Daktari alisema kukiwa na giza hutoka wakatembea juu ya ngozi."

"Na mtu akiinama kukanda unga," alisema, bila ubaya, akionyesha kwa mikono yake, "wanaweza kudondoka?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja. Lakini sikuwa nimeliuliza kliniki, na daftari lilikuwa mkononi.

"Daktari hakusema," nilijibu.

Nikasikia viti vikisogea. Nikaharakisha: "Lakini kila mtu anao! Ninyi nyote mnao. Hata mzee anao."

"Binti," mzee alisema kwa upole, "hatukuja hapa kutukanana."

Walitutoa nje, wakatuita tena baada ya muda mfupi. Karani alisoma: shtaka la ulevi limefutwa, dada shemasi anaombwa apumzike katika kutayarisha mkate mpaka atakapopona, jirani atamshikia nafasi. Mama aliwashukuru. Alimpa kila mmoja mkono, na nikawaona, mmoja baada ya mwingine, wakishindwa la kufanya na mikono yao baadaye.

Njia ya kurudi ilikuwa nyembamba kati ya mashamba ya chai, naye alitangulia. Alizungumza bila kugeuka.

"Ungewaacha waseme nimekunywa."

"Mama, ungefukuzwa."

"Mlevi hutubu. Hukaa nje robo mbili, husimama mbele akalia, hurudishiwa kazi yake. Nimewaona wangapi? Sasa mimi nitubu nini?"

Nililibana daftari kwapani, nikamfuata.

Ushirika ulipofika, wanawake walikwenda chumba cha nyuma kutawadhana miguu, wawili wawili, kama ilivyo desturi yetu kabla ya mkate. Jirani alikuwa ameshapata mwenzake mapema, na alikuwa ameinama juu ya karai akiosha miguu ya mtu mwingine kwa bidii kubwa. Mama alikaa kwenye benchi, viatu vyake bado miguuni. Nilichota maji, nikapiga magoti mbele yake. Alifikiri kidogo, kisha akavua viatu. Nyayo zilikuwa na nyufa zenye udongo mwekundu usiotoka. Nilipomaliza alichukua zamu yake, akashika miguu yangu, na alipokuwa akiimwagia maji aligeuza uso wake pembeni, mbali na karai. Alikaa hivyo mpaka mwisho, shingo imepinda, akiosha bila kutazama, ili kisidondoke chochote.

Mkate wa jirani ulikuwa mnene na haukutobolewa vya kutosha. Mama alipokea kipande chake kidogo, akakila, akafumba macho.

Uso ulipona. Ilichukua zaidi ya nusu mwaka, nyumba nzima ikinuka kiberiti, na haukurudi kuwa ule wa zamani; puani ilibaki mishipa, na kope zilibaki nyekundu pembeni. Lakini vipele vilikwisha. Alivaa kofia ya Baba shambani na alikunywa chai iliyopoa mpaka ikafanya utando. Nilimwendea mzee wa kanisa mwenyewe, nikamwambia Mama amepona. "Tutaangalia robo ijayo," alisema. Robo iliyofuata alisema hivyohivyo. Kisha nikaacha kuuliza, na Mama hakuwa ameuliza hata mara moja. Ijumaa za kuamkia Ushirika aliondoka nyumbani mchana na kwenda kupalilia chai ya mwisho wa shamba, ya karibu na mto, hadi jua lilipokaribia kuzama.

Jioni moja ya Ijumaa kama hiyo nilimkuta amekaa nje akichambua mboga.

"Wale wa kwenye kioo," alisema ghafla. "Wamekufa?"

"Wamepungua, Mama. Wapo."

"Na wewe unao?"

"Ninao."

"Na mzee?"

"Na mzee. Na jirani."

"Na walikuwa kwenye Meza ya Bwana wote," alisema. Akacheka kwa pumzi, bila sauti, kisha akaendelea na mboga. Kuku walikuwa wamemzunguka. Mmoja aliruka akasimama kwenye ukingo wa chombo kilichokuwa karibu na mlango, akainamisha kichwa akanywa maji. Ilikuwa ile sufuria ya mdomo mpana. Ilikuwa na tope chini na manyoya yakielea juu, na ilionekana imekaa hapo siku nyingi.